Kiti Kitupu

Kikao cha madiwani cha mwezi ule kilianza kama vinavyoanza vyote, yaani kwa kuchelewa. Mwenyekiti alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na hakuwa mtu wa kuacha mteja wa mabati aondoke hivihivi eti kwa sababu ya halmashauri. Alipoingia hatimaye, viatu vimejaa vumbi la saruji, watu walisimama, wakaketi, na karani akasoma kumbukumbu za kikao kilichopita kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza. Wote wakagonga meza kuonyesha wamekubali. Katika ukumbi ule mambo ya kawaida hayanyooshewi mikono, yanagongewa meza, na meza zenyewe zilishabanduka rangi mahali pa kugongea.

Mama Sare aligonga pamoja na wenzake. Jina hilo alilipata kwa cherehani yake, maana nusu ya watoto wa shule mjini walivaa sare alizoshona yeye. Hata alipogombea udiwani, waliochora mabango waliandika jina hilo wakasahau la kuzaliwa, na akashinda nalo. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu, na siku hiyo moyo wake ulikuwa mweupe kwa sababu jambo lake lilikuwa kwenye ratiba.

Jambo lenyewe lilikuwa kiwanja kilicho wazi nyuma ya zahanati. Pale wanawake waliuza mboga miaka nenda miaka rudi, juani, magunia chini, miavuli iliyovunjika mbavu juu ya vichwa vyao. Mvua ikinyesha wanakimbilia ukuta wa zahanati na kuziacha mboga zioge matope. Mkubwa wao kwa umri alikuwa mama yake mzazi Mama Sare, ambaye sokoni wote walimwita Bi Mkubwa. Kwa mchicha wa kiwanja kile Bi Mkubwa alilea watoto wake wote peke yake, na cherehani ya kwanza ya bintiye ilitoka hapohapo. Sasa mgongo ulikuwa umemkataa na macho yanamwasha kwa jua, lakini ukimwambia akapumzike nyumbani anakuuliza kama umeshachoka kumwona.

Basi Mama Sare alikuwa amemwahidi paa. Afisa mipango wa mji alishamhakikishia kwamba baraza likikubali tu kiwanja kiwe cha soko, vibanda vitasimama kabla ya mvua kubwa. Habari hiyo ilipofika sokoni, Bi Mkubwa hakungoja baraza. Alikata vijiti vinne, akavipigilia ardhini mahali alipotaka kibanda chake kiwe, karibu na lango, halafu akagombana na muuza bamia aliyesema kijiti kimoja kimeingia kwake. Wiki nzima hawakusalimiana.

Sasa, kabla hatujaendelea, lazima ijulikane sheria ya kiti kitupu, kwa sababu bila hiyo mtu anaweza kudhani madiwani wale walikuwa na roho mbaya. Hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa watu wa kawaida waliozoeana, na mazoea ndiyo yaliyowaharibu. Mambo matamu, kama taa za barabarani na visima, kila diwani aliyavutia kwenye kata yake. Mambo machungu hayakuwa na mwenyewe, na walikuwa wakibishana juu yake mpaka chai inapoa. Siku moja, walipokuwa wakitafuta pa kuweka machinjio, mmoja wa madiwani hakuwepo. Huyo alikuwa Mwalimu, mzee mstaafu mpole, na siku hiyo alikuwa hospitalini na mke wake mgonjwa. Mama Sare, kwa ule utani wake, alisema machinjio yapelekwe kwenye kile kiti kitupu pale, maana hakibishi. Ukumbi ulivunjika mbavu. Wakagonga meza, machinjio yakaenda kwa Mwalimu, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Likija jambo chungu, macho yote yanatafuta kiti kisicho na mtu. Madiwani wakawa hawakosi vikao hata wakiumwa, na mwenyekiti akajisifu kwa wakubwa wake kwamba hakuna baraza lenye mahudhurio mazuri kama lake.

Mwalimu aliporudi na kukuta machinjio yako kwake, Mama Sare alimletea chai kwa mkono wake, wakacheka kidogo, na Mama Sare akaona yamekwisha.

Kikao kikaendelea. Mwoka mikate aliomba nyumba yake ya kuishi ihesabiwe pia kuwa ya biashara, kwa kuwa tanuri limeshakula sebule. Wakagonga. Kinyozi mmoja alijenga kibaraza mpaka katikati ya njia ya waenda kwa miguu, akaombewa msamaha na diwani wake aliyenyolewa vizuri sana asubuhi hiyo. Waliguna, wakagonga. Mtaa mmoja ulitaka kubadilishiwa jina. Hapo walibishana kwa bidii, maana majina ya mitaa hayana hasara na kila mtu ana maoni.

Simu ya Mama Sare ikaanza kutetemeka mkobani. Aliitazama, akaona ni mama yake, akaiacha. Ikatetemeka tena. Diwani aliyeketi karibu naye, mwenye saluni pale njiapanda na ambaye kila mtu alimwita Saluni, alimchoma kiwiko akamwambia huyo ni mchumba tu anayepiga hivyo. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Walikuja vikaoni pamoja, wakaondoka pamoja, wakasengenya pamoja. Simu ilipotetemeka mara ya tatu Mama Sare hakuweza kuvumilia. Bi Mkubwa alikuwa na shinikizo la damu, na mtu mwenye mama wa hivyo haachi simu ya tatu. Akatoka kwa kunyata, akasimama nje ya mlango wa ukumbi.

Kumbe mama yake alikuwa mzima wa afya. Alitaka kujua kama tayari. Mama Sare akamwambia bado, zamu yao inakaribia. Bi Mkubwa akasema sawa, lakini asisahau kuwaambia habari ya lango, na ile ya muuza bamia, ambaye asubuhi hii amejaribu kung'oa kijiti mchana kweupe, mbele ya watu, bila haya. Mama Sare alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kiganja. Mama yake hakujua kumaliza mazungumzo ya simu. Alikuwa akiaga, kisha anakumbuka kitu, kisha anaaga upya. Mle ndani vicheko vilipasuka na meza zikagongwa kwa nguvu. Mama Sare alitabasamu bila kujua wanacheka nini, akamwambia mama yake, "Nikirudi nakuletea paa lako," akakata simu.

Alipoingia alikuta diwani mmoja anajifuta machozi ya kicheko kwa tai. Saluni alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Mama Sare akamnong'oneza, akitaka kujua amekosa uhondo gani. Saluni akasema ataambiwa, asiwe na haraka. Mama Sare akaketi, akadhani ni yale mambo ya mwenye baa anayetaka kufunga alfajiri, na kweli jambo la baa ndilo lililofuata. Aligonga meza bila hata kusikia wamekubali au wamekataa, kwa maana roho yake ilishatangulia kwenye kiwanja.

Likafika jambo lake. Akasimama, akavuta mtandio vizuri, akaeleza. Aliwaeleza jua na matope, aliwaeleza wajawazito wanaotoka zahanati na kununua mboga zilizokanyagwa, na hakumtaja mama yake kwa sababu wote walimjua. Alieleza vizuri, bila kutia chumvi. Alipomaliza alingoja meza zigongwe.

Hakuna aliyegonga. Wenzake walikuwa wanatazama makaratasi yao kama watoto waliovunja kikombe.

"Mama Sare," mwenyekiti akasema, na bado tabasamu lilikuwa linamcheza mdomoni, "hicho kiwanja kimeshapata kazi."

Mama Sare alicheka. Jamani, alicheka kabisa, kwa sauti, akidhani ni utani wa mwenyekiti. Alimgeukia Saluni wacheke wote, na Saluni hakuwa anacheka tena.

Mwenyekiti akamweleza taratibu, kama anavyomweleza mteja kwamba misumari imekwisha. Mji mzima ulitakiwa kuwa na kituo kimoja cha kukusanyia taka, mahali ambapo mikokoteni yote itamwaga na lori litapita kuzoa. Asubuhi hiyohiyo, bila kuviandika kwenye ratiba, afisa mipango alileta viwanja vitatu vinavyofaa: kimoja kata ya mwenyekiti mwenyewe, kimoja kata ya Saluni, na kile cha nyuma ya zahanati. Jambo lilipofunguliwa, kiti kimoja kilikuwa kitupu. Basi.

Mama Sare alisikia kila neno, ila maneno hayakukubali kuingia. Alimwona karani anakuna sikio kwa kalamu. Aliona nzi kwenye bakuli la sukari. Akashika ukingo wa meza, na chini ya vidole vyake alipapasa pale paliposuguliwa na ngumi za miaka yote, zikiwemo zake.

"Nilikuwa mlangoni," akasema. "Nilikuwa hapo tu, mlangoni. Mngeniita."

"Kiti kilikuwa kitupu," mwenyekiti akajibu, na safari hii bila tabasamu. "Sheria ni yako mwenyewe. Sisi tunaifuata tu."

Mama Sare aliwauliza ni watu wazima gani wanaoweka taka za mji mzima ukutani mwa zahanati, wanakozaliwa watoto. Aliuliza kama wamepita pale hata siku moja kwa miguu. Walikuwa wamepita, wote, na mboga za nyumbani kwao zilitoka pale. Mmoja akajikohoza, mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba hakufikiria, walikuwa wanataniana, likapita. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Angekuta wamekula njama, angewapigania. Hawakula njama yoyote. Walicheka tu, wakagonga, wakaendelea na baa.

Karani, aliyekuwa anajua taratibu zote na kuzitoa anapoombwa tu, akaombwa. Akasema jambo lililopitishwa linaweza kufunguliwa tena kikao kilekile, ila aombaye lazima awe miongoni mwa waliolikubali. Mama Sare hakuwepo, kwa hiyo hawezi kuomba. Mtu mmoja tu aliyegonga meza akisema tulifungue, litafunguliwa.

Mtu mmoja tu. Mama Sare akageuka akawatazama. Aliyekuwa amevaa suruali aliyoshona yeye alijitia kutafuta kitu mfukoni. Mwenyekiti alitazama saa. Akamtazama Saluni, akamtazama hasa, rafiki yake wa miaka yote, ambaye binti yake hakuwahi kulipishwa sare. Saluni alikuwa anakagua kucha zake moja baada ya nyingine. Ndipo Mama Sare akaelewa hesabu yote. Jambo likifunguliwa, taka zitatafuta pa kwenda, na palipobaki ni kwa Saluni au kwa mwenyekiti.

"Ningekuwa peke yangu ningesema," Saluni akamnong'oneza, bila kuinua macho. "Ila watu wa kata yangu watanila mzima. Nielewe, mwenzangu."

Hapo kiti kikakwaruza sakafu upande wa nyuma. Mwalimu alikuwa amesimama. Alisema kwa sauti yake ileile ya darasani kwamba anaomba jambo lifunguliwe.

"Wewe huwezi, Mwalimu," mwenyekiti akasema. "Wewe ulikataa."

Mama Sare akageuka kumtazama. Katika ukumbi mzima, uliojaa watu aliowalisha maandazi na kuwapunguzia pindo za suruali, mtu mmoja ndiye aliyezuia mkono wake usigonge meza, na mtu huyo ni yule ambaye yeye Mama Sare alimpelekea machinjio wakati mke wake yuko kitandani. Alitamani Mwalimu angegonga na wenzake, hata mara mbili, kwa hasira, ili wawe sawa.

Mwenyekiti akafunga kikao kwa kuwatakia watu chai njema. Mama Sare hakunywa. Alimkuta Mwalimu koridoni akifunga vifungo vya koti. Alimwuliza tu kwa nini alikataa.

"Ile siku nilirudi kutoka hospitali nikakuta mmeshamaliza," Mwalimu akasema. "Nilishindwa pa kuanzia kumwambia mke wangu. Machinjio yalipoanza kazi, alikuwa akinusa upepo dirishani, ananiuliza ni harufu ya nini." Akafunga kifungo cha mwisho. "Siwezi kumgongea mtu meza kwa hilo."

Mke wa Mwalimu alikuwa amefariki mwaka uleule, wala hapakuwa na mtu mjini asiyejua. Mama Sare alikwenda mazishini, akapika, akalia na wenzake. Hakuwahi kufikiri kwamba siku zake za mwisho yule mama alilala na harufu ile. Alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe dogo mno, akalisema hivyohivyo. Mwalimu akamwambia aende, mama yake anamngoja.

Alikwenda kwa miguu. Njia ile aliizoea, lakini siku hiyo alipita dukani kwake akapitiliza, akarudi, akagundua hakuwa na haja ya kwenda dukani, akaendelea. Alijaribu kupanga maneno. Alisema moyoni atakata rufaa kwa wakubwa, atakusanya sahihi, ataleta waandishi wa habari. Yote hayo yaliwezekana, na yote yalihitaji miezi, na mawingu ya mvua yalikuwa yameshaanza kutanda upande wa milimani.

Walimwona kabla hajafika langoni. Muuza bamia ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, yeye aliyekuwa hasemi na Bi Mkubwa, na wengine wakapokea. Mmoja alivua kanga akaitandika chini apite juu yake. Mama Sare alisimama pembeni ya ile kanga, hakuikanyaga, na vigelegele vikapungua, kimoja kimoja, mpaka akabaki mmoja aliyekuwa nyuma na hajamwona uso.

Bi Mkubwa alikuwa ameketi ndani ya vijiti vyake vinne, gunia limekunjwa vizuri, mchicha umefungwa mafungu. Simu ilikuwa mapajani.

"Tumepata?" akauliza.

Mama Sare akachuchumaa mbele yake. Akawaeleza wote, bila kuzungusha, kwamba hawakupata, na kwamba hapa patakuwa pa kumwagia taka za mji mzima. Walimwacha aseme mpaka mwisho. Muuza bamia alirudia neno "taka" peke yake, mara kadhaa, polepole, akiangalia bamia zake. Walikuwa wamepigwa na butwaa kama alivyopigwa yeye, na kuliona butwaa lake kwenye nyuso zote hizo kulimvunja kuliko ukumbi wote.

"Na wewe ulikuwa wapi wakipitisha hayo?" akauliza muuza bamia.

Swali lilikuwa la haki. Jibu lake lilikuwa limelala mapajani mwa mama yake, na kitufe chake cha kijani kimefutika kwa kubonyezwa. Mama Sare aliitazama ile simu.

"Nilitoka kunywa maji," akasema. "Nilichelewa kurudi. Kosa ni langu."

Minong'ono ikaanza. Mmoja akasonya. Mwingine akasema ndiyo hao tunaowapa kura, wakipata viti wanakwenda kunywa maji. Muuza bamia akaanza kukusanya vitu vyake, kisha akakumbuka kwamba hakuna pa kuvipeleka, akavirudisha chini. Mama Sare aliinamisha kichwa akayapokea yote. Ilikuwa haki ayapokee, na tena yalimstahili zaidi ya walivyojua.

Bi Mkubwa aliishika simu yake, akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma.

"Maji gani, mwanangu," akasema, kwa sauti ambayo wawili tu waliisikia. "Si nilikuwa nakusikia ukicheka."

Mama Sare akamshika mkono, akataka kumwambia hapana, si hivyo, sheria niliitunga mimi. Bi Mkubwa akauondoa mkono wake polepole. Akainama, akang'oa kijiti cha kwanza, akang'oa cha pili, na muuza bamia akaja kumsaidia kwa vile viwili vilivyobaki.